UZI: The George ya Southwark, baa iliyobaki upande mmoja – ilivyojengwa, ilivyokatwa na inavyotunzwa

Mwashi (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa jengo moja: The George, namba 75–77 Borough High Street, Southwark, London, kusini kidogo mwa daraja la London Bridge. Picha zake zimejaa mitandaoni na maelezo ni yaleyale, "baa ya kale yenye roshani za mbao". Ukilitazama kama baa, nusu ya jengo haitakuingia akilini. Pale palikuwa ua wa kulaza wasafiri, farasi na mizigo, na bia ilikuwa huduma mojawapo tu. Mnachokiona leo ni upande wa kusini wa ua huo. Pande nyingine zilibomolewa.

Kwanza, kwa nini pale? Mpaka daraja la Putney lilipofunguliwa mwaka 1729, mtu wa London aliyetaka kuvuka Thames kwa miguu au kwa gari alikuwa na London Bridge peke yake. Westminster ilipata daraja mwaka 1750. Barabara za Dover, Canterbury na kusini yote zilikutana Southwark. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba, limebeba nyumba huku na huku, na milango yake ilifungwa usiku. Gari la mizigo likichelewa, linalala ng'ambo ya kusini. Ndiyo maana upande wa mashariki wa barabara ile nyumba za wageni zilipangana ubavu kwa ubavu. Ukitoka darajani kwenda kusini unakutana na King's Head, White Hart, The George, Tabard, kisha Queen's Head.

Viwanja vyenyewe vilikuwa na uso mwembamba barabarani na urefu mkubwa kwenda nyuma. Uso ni ghali, kwa hiyo barabarani unaacha lango la kupitisha gari na duka au mawili. Biashara yenyewe iko ndani: ua mrefu, vyumba kuuzunguka, mazizi na maghala ya nyasi kwa nyuma.

Tarehe za kushika:
– Ramani ya Southwark ya karibu mwaka 1542 tayari inaionyesha The George.
– Tarehe 26 Mei 1676 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark. Watu walilipua nyumba kwa baruti ili kuukatia njia. The George ikaungua.
– 1677 ikajengwa upya kwa mpango uleule wa zamani. Hilo ndilo jengo la leo.
– Desemba 1836 kituo cha reli cha London Bridge kikafunguliwa hatua chache kutoka hapo, na magari ya farasi ya safari ndefu yakaanza kufa.
– Baadaye kampuni ya reli ya Great Northern ikaufanya ua huo kituo chake cha mizigo, na mwaka 1889 ikabomoa pande mbili ili kupata nafasi ya maghala.
– 1937 jengo likakabidhiwa National Trust, shirika la hisani la kutunza majengo ya kale, ambao wanalimiliki mpaka leo na kulikodisha kwa waendesha baa.

Ni jengo la mwisho la aina hii lililobaki London. Uliza lolote la ujenzi.

Mdadisi

Mkuu, nimesoma mahali kwamba Shakespeare alikuwa akinywa humo na kuigiza kwenye ua. Kweli?

Mwashi

Fanya hesabu, Mdadisi. Shakespeare alifariki 1616. Mbao hizi zilisimamishwa 1677. Kama aliingia The George, aliingia ile iliyoungua.

Chenye ukweli ni hiki: katika karne ya 16 michezo ya kuigiza ilichezwa kwenye nyua za nyumba za wageni za London. Jukwaa lilisimamishwa uani, wenye pesa wakakaa roshani, wengine wakasimama chini. Ukitazama umbo la kumbi za maigizo za enzi hizo, roshani kuzunguka uwanja ulio wazi, unaona undugu wake na ua wa namna hii. Ila hiyo ni habari ya umbo, haithibitishi kwamba mtu fulani alikaa kiti fulani.

Watu pia huichanganya na Tabard, ile ambayo mahujaji katika hadithi za mshairi Chaucer wanaanzia safari ya Canterbury. Tabard ilikuwa jirani. Nayo iliungua 1676, ikajengwa upya kwa jina la Talbot, ikabomolewa 1873. White Hart ilivunjwa 1889, mwaka uleule pande za The George zilipoondoka. Leo zote mbili zimebaki majina ya vichochoro.

Dickens, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19, ni suala jingine. Huyo alilifahamu jengo hili hili, na chumba cha kati cha chini ndicho kilichokuwa chumba cha kahawa alichokuwa akifika.

Kerezo

Niingie kwenye roshani, maana ndizo zinazofanya watu wasimame.

Watu hudhani roshani ni pambo. Ile ni korido iliyotolewa nje. Ukiweka korido ndani ya jengo jembamba, inakula upana wa mita moja na zaidi kila ghorofa, na vyumba vinakosa mwanga upande mmoja. Ukiitoa nje, kila chumba kinapata mlango wake na dirisha lake linaloangalia uani. Mgeni anatoka, anaona farasi wake na mzigo wake palepale chini. Ngazi chache zinahudumia vyumba vingi.

Utengenezaji wake, roshani za aina hii: boriti za sakafu za ndani hupitishwa nje ya mstari wa ukuta, ncha zake zinapumzika juu ya boriti ndefu ya mbele, na boriti hiyo inabebwa na nguzo. Nguzo za roshani ya kwanza zinabeba ya pili, na ya pili inabeba ukingo wa paa. Kati ya nguzo na nguzo kuna wigo wa vijiti vinene vilivyokerezwa. Vijiti hivyo ni saa nzuri ya kukadiria umri: vya karne ya 17 ni vinene, vina tumbo na shingo, vimekaa karibukaribu. Vya karne ya 18 vinaanza kukonda.

Panapoharibika ni palepale siku zote. Ncha ya boriti iliyokatwa hunywa maji kama mrija, kwa sababu mishipa ya mti imefunguka upande huo. Mvua ikipiga mbele ya roshani, maji yanaingia kwenye kiungo cha nguzo na boriti, na hayatoki. Kwa hiyo mbao za sakafu ya roshani hulazwa na mteremko kidogo kuelekea nje, na ncha za boriti hufunikwa kwa ubao au bati la risasi. Fundi akija "kunyoosha" sakafu ya roshani ili meza zisiyumbe, ameua mteremko. Baada ya miaka michache maji yanasimama kwenye pembe ya ukuta.

Na mkiona picha za The George mistari haiko sawa, roshani zinaonekana kulewa kuliko wateja, msiogope. Mbao ya mwaloni (mti wa oak) ikijengwa mbichi inajikunja ikikauka, kisha inatulia. La kuuliza ni moja: inaendelea kusogea? Hiyo hupimwa kwa vipande vya kioo au vipimo vidogo vinavyobandikwa juu ya ufa na kusomwa mwaka mzima, majira yote manne, kwa kuwa mbao inavimba na kunywea kwa msimu.

Bi Roshani

Swali kwa Kerezo: baada ya moto mkubwa wa London 1666 si walipiga marufuku mbao? Iweje 1677 wajenge roshani za mbao?

Kerezo

Swali zuri dada. Sheria ya 1667 iliyodai kuta za matofali au mawe iliandikwa kwa ajili ya City, yaani jiji la kale la London, ng'ambo ya kaskazini ya mto. Southwark iko kusini. Hata hivyo The George si ya mbao tupu. Matofali yapo, na sehemu isiyo na roshani ina uso wa matofali wenye madirisha ya kawaida. Ni jengo la mchanganyiko.

Maoni yangu: kwa mwaka 1677 mtindo huu ulishakuwa wa kizamani. Mwenye ua alirudia mpango alioujua kwa sababu ulikuwa unaingiza pesa.

Atakaye kuona wa zamani zaidi, aende New Inn ya Gloucester, ya karibu 1450, ambako ua bado umezungukwa na roshani. Pale unaona kile ambacho Southwark kilikatwa.

Boriti

Nimesubiri tufike kwenye viungo.

Mafundi wa enzi hizo walifanya kazi na mwaloni mbichi. Mkavu haukatiki kwa patasi, unageuka chuma. Mti unaangushwa, unachongwa kwa shoka hadi uwe mraba au unapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili juu ya shimo, kisha fremu nzima inalazwa chini uwanjani, inakatwa, inajaribiwa, inapigwa alama, inavunjwa na kupelekwa kusimamishwa. Zile alama zinazofanana na namba za Kirumi, mikwaruzo ya patasi kwenye nguzo na boriti, ndizo namba za kuunganishia. Nne mara nyingi huandikwa IIII badala ya IV, kwa sababu IV ukiisoma juu chini inakuwa VI.

Kiungo kikuu ni ulimi na tundu: ncha ya mbao moja iliyochongwa nyembamba (ulimi) inaingia kwenye shimo la mbao nyingine (tundu), kisha kinafungwa kwa kigingi cha mbao. Hapa kuna ufundi ambao wengi hawaujui, kwa hiyo naeleza kwa kina:

1. Toboa tundu la kigingi kwenye mashavu ya tundu kubwa, kipenyo cha milimita 19 hivi.
2. Ingiza ulimi, weka alama kupitia tundu hilo, utoe tena.
3. Kwenye ulimi usitoboe palepale penye alama. Sogea milimita 2 hadi 3 kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia.
4. Kigingi kiwe cha mwaloni mkavu, kutoka kwenye kiini, kilichopasuliwa kufuata mishipa. Kilichokatwa kwa msumeno kinavunjika katikati. Kichonge kiwe chembamba kuelekea ncha.
5. Piga. Kigingi kinalazimika kujipinda kupita matundu yasiyolingana, na kwa kujipinda kinavuta bega la ulimi libane ukutani mwa nguzo.

Kisha jengo linajikaza lenyewe: mbao mbichi inakauka na kukibana kigingi ambacho hakipungui tena. Gundi hakuna, misumari hakuna.

Ukisogeza milimita 6 badala ya 3, kigingi kinakatika ndani au ulimi unapasuka mbele ya tundu, na nje hutaona kitu mpaka siku kiungo kifunguke. Usipousogeza kabisa, kiungo kinalegea mwaka wa pili mbao ikinywea.

Jambo jingine: mwaloni una tindikali yake. Chuma cha kawaida kikigusa mwaloni wenye unyevu kinaliwa, na mbao inapiga weusi. Ukarabati wa leo ukihitaji bolti, ni za chuma kisichoshika kutu.

Mdadisi

Mkuu Boriti, kuna boriti nyingine ndani ya baa za Kiingereza zina matundu matupu yasiyo na kazi. Wenyeji wanasema ni mbao za meli za vita zilizovunjwa. Hilo nalo hadithi?

Boriti

Asilimia kubwa ni hadithi. Mbao za meli zimejipinda, zimetobolewa kwa bolti na vigingi vya kushikilia ubao wa nje, na zimeshiba chumvi. Mtu wa bara asingeisafirisha meli kilomita mia wakati ana misitu. Matundu matupu yana maelezo mawili ya kawaida: ama boriti imetoka kwenye nyumba nyingine iliyovunjwa, ama hapo palikuwa na kipande ambacho kimeondolewa. La pili ndilo la maana kwako. Mstari wa matundu chini ya boriti ya dari unakwambia palikuwa na ukuta wa fito na udongo. Matundu ya vigingi yenye ulimi uliokatwa yanakwambia kulikuwa na upande mwingine wa jengo. Kwenye jengo kama The George, lililokatwa pande mbili, ncha zake ndipo pa kusomea hilo.

Ghala_Chini

Naongeza la kutofautisha ya kweli na ya bandia, maana nusu ya baa za Uingereza zenye mistari myeusi na kuta nyeupe ni za miaka ya 1920 na 1930, zilizojengwa na viwanda vya bia kwa kuiga enzi za Tudor. Zenyewe ni nzuri, baadhi zimelindwa kisheria, ila si za karne ya 16.

Angalia vigingi: fremu ya kweli ina vichwa vya vigingi kwenye kila kiungo, vimetokeza kidogo, havilingani. Ya bandia ni ubao wa sentimita mbili na nusu uliopigiliwa juu ya tofali. Angalia unene kwenye pembe: nguzo ya kweli inaonekana pande zote mbili za pembe ikiwa mbao moja. Angalia alama za msumeno: mistari ya duara ni msumeno wa mashine, karne ya 19 kuja juu; mistari iliyonyooka isiyo na mpangilio sawa ni msumeno wa mkono. Na ule weusi wa rangi mara nyingi ni mapenzi ya enzi za Victoria. Mwaloni ulioachwa wazi hugeuka kijivu cha fedha, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta.

Ukitaka mwaka kamili, wataalamu huchukua kipande chembamba cha mbao na kuhesabu pete za mti, wakazilinganisha na jedwali la pete za eneo hilo. Inahitaji pete za kutosha, kawaida zaidi ya 50, na mbao changa ya nje iwepo hadi kwenye gome ndipo wakwambie msimu mti ulipoangushwa. Mafundi wengi walichonga sehemu hiyo wakaitupa, kwa hiyo mara nyingi unapata "baada ya mwaka fulani", hupati mwaka wenyewe.

ChokaaMbichi

Sasa maradhi. Adui namba moja wa majengo haya ni sementi, na aliletwa na watu wenye nia njema.

Tofali la karne ya 17 ni laini, limechomwa kwa moto usio sawa, na limejengwa kwa chokaa. Ukuta ule unapumua: unakunywa mvua, kisha unaitoa kupitia viungo vya chokaa, kwa kuwa kiungo ni laini na kina vinyweleo kuliko tofali. Ukija na sementi ukajaza viungo, umefunga mlango. Maji sasa yanatoka kupitia uso wa tofali. Yanabeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya ngozi ya tofali, inavimba, na baridi ya Januari inamalizia. Ngozi inabanduka kama kigae. Baada ya miaka 20 sementi imesimama kama mifupa na matofali yamerudi ndani.

Wanaojua Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu wanaijua habari hii bila kuelezwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya sementi, unyevu unapanda hadi ghorofani na boriti za mikoko zinaoza ncha ndani ya ukuta. Maradhi ni yaleyale. Tofauti Uingereza kuna barafu, hapa kuna chumvi ya bahari.

Namna ya kujaza viungo upya:

Toa cha zamani kwa patasi nyembamba na nyundo. Msumeno wa umeme wa kukatia unakwangua kingo za tofali, na kingo hazirudi. Kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Safisha vumbi, lowesha maji ya kutosha, subiri yazame.

Mchanganyiko: chokaa laini iliyolowekwa na kukaa angalau miezi 3, sehemu 1, na mchanga mkali wenye chembe za ukubwa tofauti, sehemu 3, kwa ujazo. Hiyo 1 kwa 3 ina sababu yake: mchanga mkavu una nafasi tupu karibu theluthi moja ya ujazo wake, na chokaa kazi yake ni kujaza nafasi hiyo. Mchanga wa chembe sawa una nafasi nyingi zaidi, ukitumia kipimo hichohicho kiungo kinakuwa dhaifu. Usiongeze maji. Ponda na ukande mpaka kilainike chenyewe.

Kandamiza kwa chuma chembamba, tabaka kwa tabaka ikiwa kina ni kikubwa. Kikianza kukaza, kigongegonge kwa brashi ngumu ili uso ubaki wazi. Ukikisugua kwa mwiko kikang'aa, umekifunga tena. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa. Chokaa hii inakomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni, na inaihitaji pamoja na unyevu. Ikikauka haraka inakuwa unga, ukiipitishia kidole inatoka. Chini ya nyuzi 5 za joto usiguse kazi, na barafu ikiikuta mbichi inapasuka yote.

Kwa sehemu zinazopigwa mvua sana wengine hutumia chokaa ya unga inayoganda kwa maji. Sina ugomvi nayo, lakini ile ngumu kabisa iacheni kwa madaraja.

Boriti

ChokaaMbichi umesema kweli, ila kwa upande wa mbao adui mkubwa ni usawa wa ardhi. Ua wa karne tatu umetandazwa mawe juu ya mawe, kila awamu unapanda. Boriti ya chini ya fremu ilikaa juu ya msingi mfupi wa tofali, hewa ikipita. Leo unaikuta imelingana na ua au imezikwa kabisa, na mvua inayoruka kutoka kwenye mawe inailowesha kila siku. Choma bisibisi: ikiingia sentimita mbili bila nguvu, hiyo imeoza. Kwa juu inaweza kuwa nzima na rangi nzuri.

Unyevu wa mbao ukibaki juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wanaanza. Baada ya kuvu anakuja mdudu. Wako wawili wa kutofautisha. Mdogo anaacha matundu ya milimita 1.5 hadi 2, anakula mbao changa ya nje, kiini cha mwaloni hakiwezi. Mkubwa anaacha matundu ya milimita 3 hivi, anaingia kwenye kiini kilicholainishwa na kuvu, na funza wake anaweza kukaa ndani miaka 10. Masika ya kule, kuanzia Aprili, unamsikia akigonga kichwa ndani ya mbao kuitana.

Kumpulizia dawa ni kupoteza pesa, haifiki alipo. Mkaushie mbao, atakufa kwa njaa. Na matundu ya zamani si ushahidi wa mdudu aliye hai. Bandika karatasi nyembamba juu ya matundu kabla ya masika. Ikitobolewa, yupo.

Sehemu iliyooza hukatwa mpaka penye mbao nzima, na kipande kipya cha mwaloni kinaunganishwa kwa mkato mrefu wa mshazari wenye vigingi. Usibadilishe nguzo nzima kwa sababu ya sentimita 30 za chini.

Bi Roshani

Na zile ghala za bia chini ya ardhi? Zinaathiri jengo?

Ghala_Chini

Sana. Bia ya pipa ya Kiingereza inakomaa ndani ya pipa, inataka nyuzi 11 hadi 13. Pipa dogo la kawaida ni galoni 9, karibu lita 41. Likijaa linapita kilo 50, kwa hiyo huteremshwa kupitia milango miwili ya sakafuni, kwenye reli mbili za mbao, na kutua juu ya mto mnene.

Zamani baridi ya ardhi na matundu ya hewa yalitosha. Sasa watu wanafunga mashine ya kupoza, kisha wanaziba matundu ya hewa ili baridi isipotee. Joto la Julai linapoingia kila mlango unapofunguliwa, unyevu wake unaganda kuwa matone juu ya kila kilicho baridi, zikiwemo boriti zinazobeba sakafu ya baa. Ncha zao ziko ndani ya ukuta wenye unyevu tayari. Juu sakafu imefunikwa kwa zulia au mpira, maji hayana pa kwenda. Sakafu za baa nyingi zinazama mbele ya kaunta kwa sababu hiyo, watu wakisingizia uzito wa wateja.

Tiba: kapime ncha za boriti kila mwaka, rudisha matundu ya hewa, tengeneza chumba kidogo cha kupozea ndani ya ghala badala ya kupoza ghala zima. Na milango ile ya sakafuni iwe na ukingo uliopanda kidogo, la sivyo maji ya ua yote yanashuka humo.

Mdadisi

Kuna saa kubwa ukutani The George, nimesikia inaitwa saa ya Bunge.

Mwashi

Ndiyo. Mwaka 1797 Bunge lilipitisha kodi ya saa, shilingi 5 kwa kila saa ya nyumbani. Hadithi ni kwamba watu waliacha kununua saa, na wenye baa wakatundika kubwa ili wateja waone muda. Kodi ilifutwa 1798. Saa za namna ile, uso mkubwa usio na kioo na mwili mweusi, zilikuwepo kwenye nyumba za wageni miongo kadhaa kabla ya kodi, kwa sababu magari ya abiria yalikwenda kwa ratiba. Chumba cha chini ambacho sasa kinaitwa Parliament Bar ndicho walichosubiri abiria.

ChokaaMbichi

Kabla mtu hajauliza kama mwenye baa anaweza kubadilisha dirisha: hawezi bila kibali. The George iko daraja la kwanza la ulinzi, ambalo ni kama asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa England. Kwa sheria ya 1990, kufanya kazi inayogusa sura au thamani ya jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai, na ulinzi unashika ndani na nje. Kubadilisha chokaa kuwa sementi kunaweza kuingia humo.

Kerezo

Hata milango ya moto. Watu hudhani lazima uweke mpya. Mlango wa kale wa mwaloni, ukiwa mzito na haujapasuka, mara nyingi unaweza kuboreshwa: unachimbiwa mfereji mwembamba kwenye fremu yake, unawekwa ukanda unaovimba ukipata joto, na bawaba ya kujifunga. Paneli nyembamba ndizo zinazoungua kwanza, kwa hiyo hupewa ubao wa ziada kwa nyuma.

Bi Roshani

Paa je? Vigae ni vya zamani?

Kerezo

Vigae bapa vya udongo, kipimo chake kiliwekwa kisheria tangu 1477 na hakijasogea sana: leo ni milimita 265 kwa 165. Hulazwa kila kimoja kikifunika viwili vya chini yake, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula karibu 60. Vya zamani vilining'inizwa kwa vigingi vidogo vya mwaloni kupitia matundu mawili. Kigingi kikioza kigae kinateleza, na fundi asiye na subira hupuliza povu la kemikali chini ya paa ili vigae vyote vishikane. Povu likishaganda, kila kigae unachojaribu kuokoa kinavunjika mkononi, na pao lililo chini yake hulioni tena.